Paje ya Katyetye mu Buku ya Mwalimu

Mwezi ilipita, saa ine ya asubuhi, moto moja, pikipiki ya kubeba batu, ilisimama pa mulango ya lupango, uwanja ya nyumba yangu hapa Dilala. Mwanamuke moja akashuka, kifuko ya plastiki anaikumbatia ku kifua. Mi nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo. Mbele ya kunisalimia aliangalia chini, akaangalia ukuta, akaangalia tena chini. Aa, nikasema mu roho, huyu eko anatafuta. Mu Kolwezi ya leo, mutu akifika ku kwako na anaangalia chini, usimupatie kiti mbiombio. Jirani yangu ya kushoto alivunja sakafu ya sima ya salon yake, akaingiza bakreseri, bachimbaji ya madini, sasa banachimba pa fasi kiti yake ya fotey ilikuwaka. Saa nakaa pa kiti kutwanga sombe yangu, nasikia banagonga chini ya matako yangu. Na mara mbili batu balishakuya hapa na meno inje, banicheka vizuri, baniuliza kama siwezi kubapatia kona moja tu ya lupango, nyuma ya choo, fasi sina na kazi nayo. Kwa hiyo nilimuuliza ule mwanamuke, mutwango iko bado mu mukono: unatafuta nani, na nani alikutuma?

"Jambo, kambo," akasema, vile banaitaka nyanya. "Natafuta Mama Mwadi, ule alikaaka Nzilo. Mi ni mutoto ya Mwalimu Banza ya Lubudi. Tata alikufa. Tulimaliza matanga juzi."

Mutwango ilibakia mu kinu. Miaka makumi ine na zaidi nilikuwa nangoja mutu anitamukie ile jina, na miaka makumi ine na zaidi nilikuwa naomba Mungu kusikuwe mutu wa kuitamuka.

Mambo ya tata na mama yangu naacha, hiyo iko na siku yake. Ile mwaka nilikuwa na miaka kama kumi na munane, nilikuwa nakaa ku mama mukubwa, dada ya mama yangu, pa kambi ya bavuvi kando ya maziwa ya Nzilo, kule bazungu balifungaka muto Lualaba na ukuta juu ya kupata moto ya umeme. Moto yenyewe ilikuwa inapita juu ya kichwa yetu, ku nyuzi, inaenda ku mashini. Shi tulikuwa tunapikia makala. Nyumba ya mama mukubwa ilikuwa na bichumba mbili na salon moja kiloko, kidogo tu. Mu salon kulikuwa meza moja, biti mbili za kukalia, na rido, pazia ya maua mekundu, nyuma ya rido kitanda ya wageni. Mama mukubwa alipendaka ile nyumba kama mutoto, juu ilikuwa nyumba yake ya pili. Ya kwanza balimuondoaka. Kule alikaaka mbele, batu ya kompani balikuya na karte kubwa, ramani ya inchi, bakaitandika pa mbele ya gari, juu ya kapo, na mu ile karte kulikuwa fasi imepakwa rangi. Bakasema: bote beko ndani ya rangi, bahame. Mama mukubwa alikuwa ndani ya rangi. Mihogo yake haikukuwa imekomaa bado. Mambo ya karte aliijua ivi: karte bila rangi ni karatasi, karte ya rangi ni kamyo inakuya kukuchukua. Alinifundisha hiyo mbele ya kunifundisha kusonga bukari, ugali yetu.

Basi njo Mwalimu Banza akafika, kipwa, majira ya jua bila mvua, imeanza, na valizi moja ya nguo, jumeli, ile darubini ya macho mbili, inamuningina mu shingo, na buku moja nene yenye jalada ya kijani. Mwanaume murefu, mwembamba, anakohoa kidogo, suruali imepigwa pasi. Alisema eko mwalimu ya masomo ya msingi kule Lubudi, kifua yake ilimusumbua, munganga alimuambia apumzike mwaka moja fasi ya hewa nzuri. Alisema padri moja, saa ya kurudia kwao, alimuachia ile buku, na mu buku kuko ndege yote ya inchi zetu za huku, na ye anataka kuandika ndege ya maziwa yetu, moja moja, juu ya kutundika liste mu masomo, batoto bajue. Bavuvi bakamusikiliza bizuri sana, bakamuitikia "ndiyo Tata Mwalimu", na saa aligeuka mugongo, hakuna hata moja alimuamini. Mutu muzima, mwenye bibi na batoto, aache bukari ya bibi yake akuye kuhesabu ndege ya wenyewe? Kapita, mukubwa ya kambi, muzee moja wa sauti ya chini chini, alikuya jikoni ku mama mukubwa, bakafunga mulango. Mi nilikuwa nyuma ya ukuta, nachambua mboga, ukuta ya udongo haifichake kitu. Kapita akasema mutu anachunguza ndege, anachunguza fasi ndege inakaa. Mama mukubwa akasema alale ku kwangu, basi, mi nitamulisha, na huyu mutoto atamuangalia. Huyu mutoto njo mi.

Ni vile nilipata kazi ya kumupikia Mwalimu na kumupeleleza. Na niseme ukweli, juu niko muzee na sina tena mutu wa kuongopa: ile kazi nilipenda zote mbili. Asubuhi nilimupa chai na mihogo ya kuchoma, kisha nilimufwata ku maji, nabeba ndoo juu ionekane naenda kuchota. Siku ya tatu aligeuka akasema, "Mama Mwadi, ile ndoo imechoka. Iweke chini, kuya uone." Hakuna mutu alikuwa ananiitaka Mama, mi kasichana. Akanivalisha jumeli. Batu, mi nilirudia nyuma hatua mbili! Ndege moja ya bluu, ile inaangukaka mu maji kama jiwe na kutoka na samaki, ilikuwa pale pa pua yangu, nahesabu manyoya yake ya kichwa.

Akafungua buku. Ku upande moja kulikuwa mapicha ya ndege, ine, tano, sita, zote zinafanana kama batoto ya tumbo moja. Ku mugongo ya ile karatasi maneno ya kifaransa, mi sisomi. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu, najuaka herufi kubwa kubwa, za pa mifuko ya unga. Nikaweka kidole juu ya ile bluu zaidi. Akatikisa kichwa. Akasema rangi ni ya mwisho, rangi inadanganya, ndege moja eko bluu pa jua na mweusi pa kivuli. Uanze na ukubwa: eko kama nini unajua? Kama njiwa, kama kifaranga? Kisha mudomo. Kisha mukia. Kisha anafanya nini, anatembea ao anaruka ruka, eko peke ao na benzake. Kisha sauti. Rangi, kisha. Na kama bado haujue, usiseme unajua. Mu kaye, daftari yake, alikuwa na alama ya kuuliza mingi kupita majina. Mi nilicheka, nikamuuliza mwalimu gani anajisahihishia mwenyewe na makosa. Akanijibu ile alama haiko kosa, ni kiti ya kungojea.

Tukaendelea ivyo kipwa yote. Nilimuonesha shimo ya mu kingo ya maji fasi zile ndege za kijani zenye kukulaka nyuki zinaingiaka kama batu ya kompani saa ya sirene ya kazi. Nilimuonesha nduba, ile ndege kubwa ya mabawa mekundu, manyoya yake bachefu banavaaka ku kichwa. Alinionesha mu buku ndege moja ya mukia murefu sana na ingine ya mukia mufupi, mi siku zote nilisemaka ni kabila mbili, kumbe ni bwana na bibi. Nilicheka mupaka nikakaa chini. Mambo ya bwana kuvaa mukia murefu na bibi kufanya kazi, hiyo hata bila buku nilijua. Lakini saa za kula, mama mukubwa aliniuliza: leo aliangalia wapi? Na mi nilisema. Alisimama pa kilima ile haina miti, fasi kunaota paka ile maua kiloko ya zambarau tu. Mama mukubwa akaacha bukari mu mukono. Kila mutu wa Katanga anajua ile maua inaota wapi: inaota juu ya shaba. Nilisema kuko ndege moja kiloko ya rangi ya majani makavu inapendaka ile fasi ya wazi. Akasema, "Ndege anapenda fasi ya wazi. Na we unaamini." Kisha akamupelekea Mwalimu samaki ya pili nyuma ya rido, akamuambia ale, Tata, ale, amekonda. Mama mukubwa hakuwahi kukosea heshima mutu alikuwa anamushuku. Anamupa kichwa ya samaki na macho zake mbili.

Mi mwenyewe, roho yangu ilikuwa inaenda na kurudia. Ku maji, na jumeli, nilimuamini. Jikoni, na moshi, sikumuamini. Na mambo ya mwisho niliyaona mwenyewe, saa sita ya muchana, Mwalimu alikuwa ameenda kufua shati yake ku maji. Nilikuwa nafagia salon. Buku ilikuwa pa meza. Nikafungua peke yangu, juu ya mapicha tu, nakuapia. Na pale, bila kidole yake mbele ya macho yangu, njo niliona kitu nilikuwa sijaangalia: chini ya kila ndege, kwa upande ya maneno, kuko karte. Kiloko, kama ukucha. Na kila karte iko na rangi. Nilipindua paje ya buku, karte. Nilipindua ingine, karte, rangi. Ndege mia, karte mia. Kisha nikafika pa katyetye.

Katyetye unamujua. Mweupe na mweusi, anatikisa mukia, anatembea mu lupango kama mama wa nyumba anatafuta sindano yake. Haogope mutu. Ku kwetu hakuna mutu anamurushia jiwe, juu banasema fasi katyetye anatembea pa mulango, ile nyumba iko na wenyewe. Ya mama mukubwa alikuwa anaingia mupaka chini ya meza. Na mu buku, chini ya katyetye, karte ilikuwa imepakwa rangi karibu yote, huku kwetu hakukubakia fasi mweupe hata ya kuweka sindano. Na kwa kando, na kreyo, kalamu ya risasi, Mwalimu aliandika kitu na kuweka musalaba kiloko. Neno moja ilikuwa na herufi nilijua: NZILO.

Ndege ya pa mulango yetu, na rangi juu ya inchi yetu, na jina yetu, na musalaba. Ningemuuliza. Eko alikuwa pale, mita makumi tano, anakamua shati. Lakini mama mukubwa alinifundisha mutu ukimuuliza anaficha, na mutu ukimunyamazia anaacha nyayo. Nikakamata ile paje karibu na uzi ya kushona buku, nikavuta. Ilitoka polepole na kelele kama kitambaa. Nikaikunja mara ine, nikaiweka ku tumbo, chini ya kitenge.

Kesho yake, kitu haikungoja hata mi niseme. Muvuvi moja alirudia kutoka Kolwezi na habari kompani moja inatuma batu ya kupima ku upande yetu. Pa saa tatu, Mwalimu alikuwa anakunywa chai, Kapita akafika na banaume ine, bawili na fimbo. Bakamutoa mu lupango, bakamusimamisha pa jua. Kambi yote ikakuya. Kapita akasema, bila kupandisha sauti, kwamba shi tulishahamishwa mara moja na mutu wa heshima hahamishwe mara mbili kama mbuzi, basi Tata Mwalimu atuambie hapa, mbele ya bamama, nani alimutuma kuandika inchi yetu. Moja ya bale banaume alikuwa anajipiga na fimbo ku muguu, polepole, tap, tap.

Mwalimu hakutetemeka. Na nakuambia, Mungu wakati ingine eko na mizaha: pale pale, katikati ya bile miguu yote, katyetye ya mama mukubwa akaingia kutembea. Mwalimu akamuona. Uso yake ikafunguka.

"Munaona huyu?" akasema. "Huyu bote munamujua. Sasa nitabaonesha eko mu buku, vile eko, na mukia yake. Kisha mutajua naandika nini."

Akafungua buku. Akapindua mbele. Akapindua nyuma. Akarudilia, polepole, kidole inafwata namba. Mi niliminya kitenge pa tumbo, fasi ile paje ilikuwa. Kidole yake ikafika pa kipande ya karatasi ilibakia ku uzi, kama meno. Akakipapasa. Kisha akapandisha macho, hakuangalia Kapita, hakuangalia fimbo. Aliangalia mi.

"Buku ya ndege gani haina katyetye?" mutu moja akasema nyuma, na batu bakaanza kunguruma.

Angesema. Maneno tatu tu: ye njo alipasua. Alifunga buku, akasema, "Iko imetoka." Basi. Imetoka, kama yenyewe ilikuwa na miguu.

Kapita akageuka ku kwangu. "Mwadi, we njo ulimufwata siku zote. Uliona nini?" Mama mukubwa alikuwa kando yangu, nasikia pumuzi yake. Nilijua nikitoa ile paje, na rangi, na musalaba, na jina yetu, zile fimbo hazitabakia chini. Na nilijua pia, ao niliwaza najua, nikinyamaza, naweza kuwa nauzisha nyumba ya mama mukubwa. Nikasema, "Niliona ndege tu." Bakamuacha na mifupa yake mizima, bakamupandisha juu ya kamyo ya Tata Shabani, ule muchuruzi muislamu alikuwa anabeba samaki ya chumvi, bakamuambia asirudie. Alipanda juu ya mifuko na suruali yake ya pasi. Mama mukubwa alimufungia mihogo ya njia. Alinipa mugongo siku mbili.

Kisha mvua ya kwanza kunyesha, bale batu ya kupima bakakuya kweli. Bakatuhamisha. Habakukuwa na buku, habakukuwa na jumeli, habakuangalia hata ndege moja. Balikuwa na rangi mekundu mu kopo, bakapaka pa miti na pa ukuta ya mama mukubwa, karibu na mulango. Kambi yote ikasema: munaona Mwalimu! Na mi nikawaza, basi nilikosea, ningetoa ile paje. Siku ingine nawaza, hapana, bale habakumujua hata. Mama mukubwa alikufa hapa Kolwezi mu nyumba ya tatu, na mbele ya kufa bado alikuwa ananiuliza: mutoto, kweli uliona paka ndege tu? Nilizaa, nilizika bwana, nilihama mara ingine mbili, na ile paje ilihama na mi, chini ya kitambaa ya ndani ya valizi yangu. Sikuionesha mutu. Nilikuwa naogopa mutu wa kujua kusoma.

Basi, ile mwanamuke. Alisema njo mutoto ya Tata Shabani, anayeendesha makamyo hapa, alimuelekeza nyumba yangu. Nilimupa kiti, lakini nilibakia naangalia ile kifuko. Akatoa buku. Jalada ya kijani ilikuwa imekuwa kama majani ya chai. Akafungua pa meno ya ile paje, na pale kulikuwa karatasi kiloko na maandiko ya Mwalimu, akanisomea: "Hii paje iko ku Mama Mwadi ya Nzilo. Mukimuona, musimuombe. Mumuulize tu kama katyetye bado anatembea pa mulango yake."

Alijua. Miaka yote alijua, na hakuandika hata neno mwizi.

Niliingia mu chumba, nikapasua kitambaa ya valizi na kisu. Ile paje ilikuwa imekaa njano mu mikunjo. Niliiweka juu ya magoti yake, nikaweka kidole pa karte. Nikasema, mwana, mbele ya kitu ingine, nisomee hii. Nisomee aliandika nini, na hii rangi ni ya nini, na usinidanganye juu niko muzee. Akasoma ile ya kreyo kwanza: alimuona Nzilo, chini ya meza ya Mama ya nyumba, haogope. Musalaba ni kusema nimemuona. Kisha kwa rangi alisema hajue, akarudia ku mwanzo ya buku, kule banaeleza alama, akatafuta na kidole sawa tata yake.

"Rangi ya misitari misitari," akasema, "ni ndege ya kupita, inakuya na kurudia. Rangi nzima, kambo, ni ndege ya pale pale. Inakaa mwaka muzima. Haihame."

Nilimuomba asome tena. Akasoma tena. Ku upande ya jirani bakaacha kugonga, bakaanza tena. Mama mukubwa, na nyumba yake tatu. Bale bote beko ndani ya rangi.

Tukaingiza paje fasi yake, ikaingia kombo, ikatokeza kidogo inje. Kisha akaniuliza ile swali ya tata yake, polepole, na heshima: katyetye, kambo, bado anatembea pa mulango? Mudomo yangu ilifunguka kusema ndiyo, juu ndiyo njo inamupendeza mugeni. Nikaangalia mulango. Nikajaribu kukumbuka. Miaka mbili hii, pale pa mulango, nilikuwa naangalia tu jirani, na batu ya kifuko, na nani anaangalia chini. Nikamuambia anipe kreyo. Kando ya musalaba ya Mwalimu niliandika alama ya kuuliza, kubwa, kombo, ile tu najua kuandika bizuri.

Nikamuambia aende na buku yake, arudie kisha mvua kuisha, aniulize tena. Moto ilipoondoka nilisimama pa lupango mupaka nikamuona amekata kona, juu hata mutoto ya Mwalimu, mutu anamuangalia mupaka mwisho. Kisha niligeuza kiti yangu. Sasa inaangalia mulango, inamupa jirani mugongo.